Msusi wa Dixon Road Aliyemdai Mgombea Jibu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Nyanchama Mogaka anagawa nywele za mteja kwa ncha ya chanuo na kuanza kusuka mstari wa kwanza nyuma ya sikio. Nje, ndege inapita chini chini kuelekea uwanja wa Pearson. Ndani ya saluni hii ya viti vitatu, Barabara ya Dixon, Toronto, wanawake wanne wanazungumza kwa pamoja.

"Inamisha kichwa kidogo, Kemunto. Siasa hata aliyeinama anaziweza," anasema, na saluni nzima inaangua kicheko.

Nyanchama, mwenye umri wa miaka 46, alitoka Nyamira mwaka 2003. Alianza kwa kufua mashuka hotelini kwa dola saba kwa saa, huku akisuka watu jikoni kwake. Saluni aliifungua 2009.

Lakini Wakenya wengi wa mji huu wanamkumbuka kwa kisa cha Novemba 2012. Mwezi huo, chama kidogo cha Mwamko kiliwaruhusu wanachama wake walioko Kanada kupiga kura za mchujo wa mgombea urais. Mmoja wa wawili walioshindania tiketi, wakili Elkanah Mukolwe, mwenye ulimi wa asali, alikuja mwenyewe kuomba kura katika kitongoji cha North York.

Wiki tatu kabla, Nyanchama alimuuliza kila aliyekalia kiti chake: "Ukimshika mkono huyo, utamwomba nini?"

"Nilidhani wataniambia barabara na hospitali," anasema. "Kumbe kila mtu ana lake, nikayaandika yote daftarini. Mmoja anataka shamba la marehemu babake lisiuzwe yeye akiwa huku. Kemunto alitaka pasipoti tu."

Kemunto Nyaboke ni muuguzi. Kubadilisha pasipoti kulimgharimu siku mbili za kazi, maana ubalozi uko Ottawa, mwendo wa saa tano kwa gari.

Siku ya mkutano walifika watu mia mbili. Mukolwe aliimba, akacheza, akasalimia kwa lugha saba za nyumbani.

"Nilicheka hadi machozi," Nyanchama anakiri. "Yule mtu anapendeka, jamani!"

Kisha Nyanchama, daftari mkononi, akaomba kipaza sauti.

"Mheshimiwa, umetufurahisha, Mungu akubariki. Sasa, pasipoti zetu zitashughulikiwa hapa Toronto lini?"

Mukolwe alijibu kwa mzaha kuhusu sura za watu katika picha za pasipoti. Ukumbi ukacheka. Nyanchama hakuketi.

"Kicheko tumekipata. Jibu bado."

"Nilijiambia, nimemwaibisha mgeni," anakumbuka.

Mukolwe alimtazama, akashuka jukwaani, akavuta kiti hadi mbele yake. "Mama, kusema kweli sijui," alisema. "Hebu nisomee yote uliyonayo."

Nyanchama alimsomea mambo ishirini na saba, naye Mukolwe akayaandika. Alipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi, vigelegele juu.

"Kura yangu aliipata kwa ile 'sijui'," anasema Kemunto.

Mukolwe alishinda Toronto, ila hesabu ya jumla ilimwangusha. Hata hivyo, kabla ya kuondoka alimwachia Nyanchama jina la ofisa wa ubalozini wa kumwandikia. Wateja wakaandika barua sita. Juni 2013 maofisa walikuja, wakakaa siku mbili katika ukumbi wa kanisa, na watu 118 wakashughulikiwa.

"Nilifunga saluni, nikapikia foleni yote chai ya maziwa," anasema Nyanchama. "Ilikuwa kama arusi."

Mwezi ujao tawi la chama cha Mwamko hapa Kanada litachagua mwenyekiti, na wateja wamemsukuma Nyanchama hadi akachukua fomu. Vipeperushi vinachapwa na bintiye Melissa, wa miaka 17, anayeelewa Kiswahili chote lakini hukijibu kwa Kiingereza.

Je, atawaahidi nini wapiga kura?

"Maofisa wa pasipoti kila mwaka, na wakili wa kutushauri kuhusu mashamba ya nyumbani," anasema bila kuinua macho kwenye msuko. "Hayo mawili nayaweza. La tatu sina, na hilo pia nitawaambia."