Gari, Mwambie Huyo

Nande Ukurta, yaani mama yake Ukurta, alimdharau mkwewe Ngukup tangu siku alipoletwa nyumbani, na hakuwahi kuona sababu ya kuacha. Mwanamume gani anapaka nywele mafuta yanayonukia peremende, kisha anakwenda kuchimba viazi? Kila akipanda gari harufu ile tamu ilimjaa puani mpaka akatamani kutapika.

Bahati mbaya hakuweza kumwambia. Kwa Wakaro, kabila lao, mama mkwe na mume wa binti yake hawasemezani, hawaketi pamoja, hawapokezani hata kikombe. Huo ndio mwiko, rebu. Likiwapo neno linapitia kwa mtu wa tatu, na asipokuwepo mtu, linapitia kwa ukuta, kwa chungu, kwa chochote kilicho karibu. Nande Ukurta alishawahi kumtukana Ngukup kupitia kuku asubuhi nzima, mpaka kuku akahama ua.

Siku hiyo binti yake Ukurta alikuwa ametangulia sokoni Berastagi, kwa hiyo matusi yalipitia kwa gari.

"Gari," alisema akiwa kibarazani, tambuu shavuni, "huyo aliyeingiza kichwa chini ya boneti yako anatafuta nini? Kama ni akili, mwambie hakuiacha humo."

Ngukup hakuinua kichwa. "Gari, mwambie mkwe natafuta maji yako ya kijani ya kupozea injini yanakokwenda. Juzi nilijaza rejeta, leo imepungua tena, na chini hakuna hata tone."

"Labda anayanywa yeye. Rangi ya kijani itamfaa."

Maneno yalikuwa ya mzaha, lakini hakutaka gari liondoke. Gari lile lilikuwa la marehemu mumewe. Alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la chai, mtu wa kuogopa baridi, aliyelifungia hita ndani, likawa na joto kama chumba cha mgonjwa. Sasa lilikuwa linachemsha kila mlima, na Ngukup na Ukurta walikuwa wamekubaliana: uvujaji usipoonekana leo, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulichukua.

Ngukup alipapasa mipira yote, akakaza klipu, akatazama chini ya pampu ya maji. Pakavu. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakifuta.

"Gari, mwambie mkwe oili yako haijageuka rangi ya maziwa, na rejeta haitoi mapovu. Kwa hiyo maji hayaingii kwenye injini. Zaidi ya hapo nimeshindwa."

"Kushindwa anakujua vizuri. Hata kwenye harusi yake alishindwa kucheza."

Lori la vyuma chakavu likasikika likipanda kilima, mapema kuliko walivyotarajia. Nande Ukurta akatema tambuu, akakaza kitambaa kiunoni, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. Akatupa nje magunia ya viazi yaliyojaa pale, akaingia, akaketi.

"Gari, waambie wakikubeba wanibebe na mimi. Chuma chakavu ni chuma chakavu."

Kiti kile hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu harusi ya Ukurta. Ngukup ndiye dereva, mkwe hawezi kukaa ubavuni pake, na Ukurta hukaa nyuma na mama yake ili mama asijione ametupwa. Mbele wanapanda viazi tu.

Zulia likalia chini ya miguu yake kama matope. Maji ya kijani, ya vuguvugu, yenye utelezi, yakapanda katikati ya vidole. Na harufu ile tamu, ya peremende, ikamjaa puani kuliko siku zote.

Nande Ukurta akaitazama miguu yake. Akakumbuka ukungu uliokuwa ukitanda kwenye kioo cha mbele, Ngukup akiufuta kwa mkono wa shati, yeye kule nyuma akimwambia binti yake kwamba mumewe anahema kama nyati. Akinyamaza sasa, hakuna atakayejua kwamba peremende haikutoka kwenye nywele za Ngukup. Lakini gari litaondoka.

Lori likasimama getini.

"Gari," akasema, sauti ndogo, "mwambie maji yako yako huku. Kwenye miguu yangu."

Ngukup akaja, kisha akasimama mbali. Hakuweza kusogea mkwe akiwa amekaa pale. "Gari, mwombe mkwe ashuke kwanza."

Nande Ukurta akashuka, akazungukia mbele. Ngukup akazungukia nyuma. Akainama, akapitisha kidole chini ya hita iliyo mbele ya kiti, akakinusa. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Hita imetoboka. Gari, unajua nini? Miaka yote hii nilidhani harufu hii ni tambuu ya mkwe."

Nande Ukurta alitazama milima.

Ngukup aliichomoa mipira miwili iliyopitisha maji ya moto ya injini kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe ili hita ibaki bila maji wala joto, akajaza maji. Mwenye lori alikunywa kahawa aliyokaribishwa, akaondoka na lori tupu.

Siku ya soko iliyofuata walipanda mlima wote bila kuchemsha, na kioo cha mbele kilikuwa safi, bila ukungu. Nyuma, Nande Ukurta alijifunika shuka mpaka kidevuni. Akamgusa binti yake kwa kiwiko.

"Mwambie mumeo baridi itaniua humu. Na yale mafuta yake ya nywele anayapakia nini? Hayanukii chochote."