Mluzi wa Dereva

Msimu mzima Cleophus, beki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Weusi huko Kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi, alikaa nyuma ya dereva wa basi. Mzee yule alipiga mluzi wimbo uleule wa kanisani toka chuoni mpaka uwanjani. "Mzee, badilisha basi, huo umechakaa!" wachezaji walimtania, wakitafuna kuku waliyefungiwa na mama zao kwenye maboksi ya viatu, maana hoteli za njiani hazikuwauzia Weusi. Lakini mluzi ukikatika tu, ishara kwamba dereva ameona polisi, walinyamaza na kufunga mapazia bila kuambiwa.

Jumamosi waliyotwaa kombe waliimba kwa nguvu hata hakuna aliyesikia mluzi ukikatika. Polisi mzungu akalisimamisha basi, akapanda, mkono kwenye bastola. "Kelele za nini? Mmeshinda?"

Dereva akavua kofia, akacheka kicheko ambacho Cleophus hakuwahi kukisikia. "Tushinde wapi, bwana? Tumefungwa mpaka aibu. Si unawaona wenyewe?"

Cleophus akalisukuma kombe chini ya kiti kwa kisigino. Polisi akacheka, akashuka. Basi likaondoka. Dereva akabana midomo apige mluzi wake. Ikatoka pumzi tu.