Pindo la Vidole Vinne

Wateja walimwita Mama Pindo, na jina hilo alilitolea jasho. Kila nguo iliyopita kwenye cherehani yake iliachiwa kitambaa cha vidole vinne kwa ndani.

"Fundi, humu ndani si umeficha gauni jingine?" walimtania.

"Nyamaza nikupime," alijibu, pini zikiwa midomoni. "Ukinenepa utanikumbuka."

Hata akipunguza nguo hakukata. Alikunja tu na kushona.

Jumatatu moja binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na saba, alimletea sketi mbili. "Shangazi, zipunguze zimtoshe mdogo wangu." Mama Pindo akamsifu kwa moyo wake wa kutoa, akazimaliza siku hiyohiyo. Jumatano likaja sweta. Ijumaa likaja gauni la bluu, ambalo msichana huyo hakumruhusu hata mama yake alifue.

Mama Pindo alilitandaza mezani, akachukua pini. Mkono ukagoma. Msichana hakukonda, wala hakuwa na nguo mpya. Alikuwa akigawa kabati zima.

"Na wewe utavaa nini?"

"Sitazihitaji."

Fundi aliweka pini chini. Aliogopa kwamba akilitamka neno lenyewe, ndilo litakaloleta jambo. Hata hivyo alivuta kigoda, akauliza bila kuzunguka, "Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Msichana alishtuka, kisha akalia kwa kwikwi. "Ndiyo, shangazi. Tangu matokeo ya mtihani yatoke, baba hajanisemesha. Wiki ya tatu sasa."

"Umefanya vizuri kuniambia. Leo sikuachi peke yako."

Hakumhubiria. Alifunga duka, wateja wakinung'unika, akampeleka kliniki, na njiani akampigia kaka yake simu.

"Njoo kliniki sasa hivi. Ni binti yako."

"Niko kazini, dada."

"Hata mimi nilikuwa kazini."

Kaka mtu, seremala, alifika na vumbi la mbao kichwani. Mbele ya mshauri alikaa karibu na binti yake, akikunjakunja kofia.

"Nilinyamaza nisije nikakuumiza kwa maneno," alisema.

"Baba, kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza."

Seremala alilia bila kujificha.

Tangu siku hiyo msichana hakuachwa mpweke. Mama yake alihamia chumbani kwake, jirani alimpitia jioni wakatembee, baba alimsindikiza kliniki kila wiki. Siku nyingine zilikuwa nzito, naye sasa alizisema.

Mwezi wa tatu tangu hapo alikuja dukani mwenyewe. "Shangazi, nazitaka nguo zangu."

"Jamani, mnaninyang'anya!" mdogo wake alilalamika mlangoni.

Mama Pindo alifumua mishono yote. Kitambaa kilikuwapo chote, hakikupungua hata uzi. Msichana akavaa lile gauni la bluu, akajipinda mbele ya kioo.

"Linanibana kifuani."

"Umekua," alisema shangazi, akiinamisha uso kwenye cherehani ili machozi yasionekane. "Lete hapa. Nafasi ipo."