Mgeni Aliyetaja Siku ya Kuondoka

Nakumbuka asubuhi moja huko Kangemi, mtaa wa wanyonge pembezoni mwa jiji, mwanangu, ambayo hadi leo nikiisimulia mwili hunisisimka. Kwa kuwa umeajiriwa kupanga mkakati wa msaada unaotoka ng'ambo, keti nikupe hadithi hiyo. Chuoni hawaifundishi.

Nilikuwa kijana, afisa mdogo katika shirika lenye ofisi mtaa wa Hurlingham. Wafadhili walitaka mpango wa miaka mitano wa kutunza watoto wadogo, mama zao wakienda vibarua. Mkubwa wetu alikuwa Mama Khavere, mzaliwa wa magharibi ya nchi, mtu wa maneno machache. Wiki nzima tulikuwa tumebandika makaratasi ukutani: malengo, shughuli, matokeo. Yeye aliyatazama tu, akasema twende kwanza tukawaone wenyewe.

Akina mama wa Kangemi walitupokea katika ukumbi wa kanisa. Wakatuimbia, wakatupa chai na viazi vitamu. Kila tulichowasomea walikubali. Nyumba ya kukodi karibu na soko? Sawa. Walezi wa kuajiriwa na ofisi? Sawa kabisa. Makofi yakalia. Ujana nao una mambo yake: nilishaona kazi imekwisha hata kabla ya chakula cha mchana.

Mama Khavere hakupiga makofi. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini:

"Kina mama, sisi ni wageni, na mgeni huenda kwao. Hii project itaisha, na inaweza isha hata mbele ya hiyo miaka tano. Tukishaenda, hawa watoto watabaki na nani?"

Nilidhani ameharibu kila kitu. Lakini unazijua adabu zetu: mwenyeji hamuulizi mgeni ataondoka lini, maana ni kama kumfukuza. Akina mama wale walikuwa na swali hilo moyoni tangu tulipoingia, na wasingelitoa mpaka mgeni mwenyewe alitaje. Sisi sote wa ofisini tulilelewa na adabu hiyo hiyo, ila hatukufikiri kwamba inahusu kazi yetu.

Ndipo akasimama Mama Nekesa, mwanawe mgongoni.

"Sasa hapo tunaweza ongea," alisema. "Wale wa msaada waliokuja kwanza walifunga wakaenda, hata hawakutuambia. Huyu wangu nikaanza kumfungia kwa nyumba nikienda kufulia matajiri huko Lavington. Siku moja moshi ya jiko karibu imuue."

Baada yake wengine nao wakafunguka. Nyumba ya kukodi waliikataa, kwa kuwa tukienda kodi itakwenda nasi. Wakaomba kanisa liwape kipande cha uwanja. Walezi wawe mabinti zao, wafunzwe, na akina mama wenyewe washike zamu. Walibishana, wakacheka, wakapanga hadi jioni. Niliingiwa na ile hofu ya mtu aliyejikuta mahali patakatifu bila kuvua viatu, maana waliokuwa wakipokea msaada asubuhi sasa walikuwa ndio wenye mradi.

Kanisa likawapa uwanja, kazi ikaanza. Na kweli, msaada ulikatwa kabla ya miaka mitano kwisha, ghafla, kwa sababu za huko ulikotoka. Tulikwenda kuaga nyuso zikiwa zimetuanguka. Wakatulisha, wakatusindikiza hadi barabara kuu ya Waiyaki Way kama ilivyo desturi, lakini hawakukawia barabarani. Mama Nekesa alinipa mkono, akasema, "Mwende salama. Wacha nirudi, leo ni zamu yangu na watoto wanaamka."

Nilimtazama akiondoka mbio mbio hadi akapotea sokoni, na machozi yakanitoka kwa mastaajabu.

Basi, mwanangu, kabla hujaandika shughuli ya kwanza, taja siku yako ya kuondoka, na uitaje kwa kinywa chako mbele ya wenyeji. Usingoje wakuulize, hawatakuuliza. Wakikushangilia kabla hujaitaja, ujue mazungumzo hayajaanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe upange ili mwenyeji aendelee kupona hata mgeni akishakwenda.

Nenda sasa. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli mapema, na popote utakapofanya kazi, siku ya mwisho wakuage upesi kwa sababu wana kazi yao inayowangoja.