Batri za Kibanda Changu

Nilikuwa nikiuza moto. Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, simu ikizimika tunasema imeishiwa moto, nami nilikuwa na kibanda chenye mabamba mawili ya sola juu ya paa. Watu wanaleta simu asubuhi, wanazichukua mchana. Nilijisifu sana. Wenzangu wa jenereta walitupigia kelele na kutujazia moshi, mimi nikasema moto wangu unatoka juani na hauchafui kitu. Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Batri zilizotunza moto huo zikafa. Zote hufa, ila mimi sikulijua hilo. Nikazibeba hadi kwa baba, mvuvi, ambaye alizifurahia kuliko zawadi. Alizivunja kwa shoka, akamwaga maji yake makali kando ya ua, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani kwenye sufuria kuukuu, juu ya makaa. Risasi hiyo ndiyo inayozamisha nyavu. Wavuvi wetu huimimina katika vishimo vya mchanga mbichi, na vishimo hutobolewa kwa kidole. Kidole cha baba kilikuwa kinene mno. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu.

"Huyu mutoto iko na kidole muzuri," baba alisema. "Muniachie yeye."

Tulicheka. Mtoto akachuchumaa kwenye moshi ule, anatoboa, anahesabu vishimo kwa sauti, halafu analamba kidole. Na kila batri iliyokufa niliipeleka mwenyewe.

Kwanza lengalenga, mchicha wetu wa uani, zilikauka, tukalaumu jua. Kuku wakafa, tukalaumu kideri. Mtoto akawa anashika tumbo, tukampa dawa ya minyoo. Alipofika miaka minne alikuwa amesahau kuhesabu, na maneno mengine pia yalikuwa yanampotea. Hapo tukaanza kumtazama vibaya jirani, mwanamke ambaye hakutukosea kitu.

Tulipompeleka zahanati, muuguzi ndiye aliyeniuliza nyumbani tunayeyusha nini. Nilimweleza. Akasema sumu ya risasi ikishaharibu kichwa cha mtoto, hakuna dawa ya kukirudisha kilivyokuwa.

Nilimfokea baba ufukweni, mbele za watu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa kwenye wavu.

"Ni mi njo niliziyeyusha," akasema. "Lakini ni we njo ulizileta."

Mpaka leo sijamsamehe, kwa sababu alisema kweli.

Kibanda kipo bado. Wateja wanausifu moto wangu safi, na mimi nawaitikia asante. Juzi nilimpeleka binti yangu kumsalimu babu yake. Sasa ana miaka minane. Akaokota risasi moja iliyodondoka kutoka kwenye wavu, akaiweka kando ya kidole chake, akanitazama, midomo ikacheza kama anayetafuta kusema. Nilingoja. Nilingoja sana. Kisha akanitia ile risasi mkononi.