Mshipa Ulioshonwa Kwenye Barafu

Dada yangu, aliyeolewa Kwedizinga, alimpa kaka yetu mkubwa figo moja. Mimi ndiye niliyejitolea kwanza, tena kwa hotuba ndefu, lakini daktari alinipima presha, akakitazama kitambi changu, akaniambia nikae nyumbani. Kwa hiyo siku ya upasuaji nilikuwa Masuguru, uani kwa mama, nikilinda simu.

Adhuhuri shemeji, mume wa dada, akapiga kutoka hospitali huko Dar es Salaam. Dada ni mzima, akasema, ila walipokuwa wanalitoa figo, mshipa wake mkubwa wa damu ulichanika. Wakaliweka figo kwenye beseni la barafu, wakaushona mshipa na kuutia kiraka cha mshipa mwingine, ndipo wakampandikizia kaka. Sasa wanasubiri mkojo. Usipokuja, damu haipiti, na figo litafia humo humo tumboni.

Kisha akatuma picha. Sikuwa nimeiomba. Kitu cha kijivu chenye utelezi, kimelazwa kwenye barafu kama soda za harusini. Nikaifunika simu kwa kiganja.

Mtani wetu, Mzigua wa Kang'ata, alikuwa amekuja kusubiri nasi, yaani kututukana. Sisi Wasambaa hatumkasirikii mtani hata msibani, naye analijua hilo vizuri mno. Alikuwa akimchuna mbuzi wa mama.

"Njoo nikuonyeshe, msomi," akasema. Akachomoa figo la mbuzi, akalibana mpaka mrija mweupe ukachomoza kwenye mafuta. "Wamechana hapa. Nyie Wasambaa mna mishipa ya mgomba, ukigusa tu imekatika."

"Ondoa uchafu wako."

"Uchafu? Na wewe umebeba huu huu, tena wako una mafuta kumshinda mbuzi."

Akapenyeza njiti ya ufagio ndani ya mrija. Mama akasogeza kigoda, akainama.

"Damu ya mwanangu inapita hapo, pembamba hivyo?"

"Hapo hapo, mama."

Mama akaugusa mrija kwa ncha ya kidole. Mimi nikatazama ukuta. Nimeandika makala kadhaa kuhusu utu wa mwanadamu; sikukumbuka hata sentensi moja. Figo likatupwa kwenye makaa, likanuka choo cha stendi, na mtani akalitafuna huku akinitazama.

Jioni ikaja picha nyingine: mfuko wa plastiki umening'inizwa kitandani mwa kaka, ndani yake mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Simu ikazunguka uani, kila mkono ukiwa na mafuta ya nyama. Ilipofika kwa mama, kioo kilikuwa na ukungu wa vidole na kipande cha utumbo.

"Ikuze," akasema.

Nikaikuza. Mkojo ukajaa kioo kizima.

"Unaongezeka?"

"Shemeji anasema unaongezeka, mama."

Akaichukua simu, akaiegemeza shavuni na mafuta yake yote, akafumba macho.

"Mwambie atutumie nyingine mfuko ukijaa," akasema.

Nikaandika ujumbe huo kwa kidole kinachoteleza.