Riwaya za Wageni

Nilipoajiriwa kutunza maktaba ya shule moja ya wasichana karibu na Mau Narok, mwalimu mkuu alinionyesha kabati la vioo lililojaa riwaya mpya, zawadi ya wahisani.

"Hizi ni za wageni kuona," aliniambia. "Wasichana wataziharibu."

"Sasa wao watasoma nini?"

"Si wako na vitabu vya masomo?"

Akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona na kitabu. Gazeti alilianzia nyuma, kwenye mpira, na mbele hakufika. Walimu wake hawakumzidi. Walikuja maktaba kuchaji simu, kula viazi vya kuchemsha na kumsengenya ambaye hajafika. Baridi ikikaza, waliwafukuza wasichana waende wakasomee nje, eti wanapiga kelele. Kelele yenyewe ilikuwa ya kufunua kurasa.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye wazazi wake walikuwa vibarua kwenye shamba la ngano, alisoma chochote nilichomletea kutoka nyumbani. Nikikosa cha kumletea, alisimama mbele ya kabati akisoma migongo ya vitabu kupitia kioo.

Hapo ndipo alipokuwa siku afisa wa elimu alipokuja kukagua. Mwalimu mkuu alikuwa ameamuru vioo ving'arishwe, na sasa alikuwa akisifu utamaduni wa kusoma ambao, kwa maelezo yake, aliujenga kwa jasho.

"Umependa kitabu gani hapa?" afisa akamuuliza msichana.

"Sijui, sir. Nimesoma majina peke yake. Ndani haturuhusiwi."

Mwalimu mkuu alicheka peke yake. "Huyu anapenda mzaha."

"Basi fungua," afisa akasema.

Ufunguo ulipatikana, lakini kufuli ilikuwa imeshika kutu na haikuzunguka. Yule bwana wa utamaduni wa kusoma alihangaika nayo huku jasho likimtoka, safari hii jasho la kweli, hadi askari wa lango akaja na nyundo, akaivunja. Msichana alipewa riwaya ya kwanza. Alisahau kushukuru. Aliifungua palepale, akaegemea ukuta, na hata afisa alipoaga hakuinua macho. Kwa ajili ya dakika hizo nilivumilia kazi ile kwa miaka.

Kabati halikufungwa tena. Riwaya zilipita mabwenini zikirudi na madoa ya supu na kurasa zilizochomoka, nami nikazishona kwa uzi wa magunia ya viazi. Siku ya wazazi, mwalimu mkuu alisimama akawaambia kwamba yeye ndiye aliyeamua vitabu viwafikie watoto. Walimpigia makofi. Walimu walipiga kwa nguvu zaidi.

Jioni aliniita kando.

"Madam, hakuna moja safi imebaki? Nataka kuweka ofisini."

Nikamwambia hakuna. Ingekuwapo, nisingempa. Angeifanya ya kuwekea kikombe cha chai.